Msimfanye Mzee Akhwari fimbo ya kuwachapia watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu nilipohudhuria siku ya michezo ya shule moja ya msingi huku kwetu Temeke. Shule siitaji, na mgeni rasmi simtaji, maana sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na maneno aliyoyasema, ambayo nimeshayasikia kwa wengi: redioni, kwenye daladala, na kwenye vijiwe vya kahawa ambako wazee wetu wanajua msimamo wa Ligi Kuu kuliko wanavyojua wajukuu zao wanasoma darasa la ngapi.

Mgeni rasmi aliwasimulia watoto habari za Mzee John Stephen Akhwari, na alisimulia vizuri. Mexico City, Oktoba 1968, mbio za marathoni. Mtanzania kutoka Mbulu anaanguka njiani katika msongamano wa wakimbiaji, goti linateguka, bega linajigonga barabarani. Anafungwa bandeji, anaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia anashinda. Zaidi ya saa moja baadaye, jua limeshazama na watu wengi wameshaondoka, Akhwari anaingia uwanjani akichechemea, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Hapo nami nilipiga makofi kama kila mtu.

Kisha akaongeza lake. "Sasa kuna yule dada wa Kimarekani," akasema, "mzima, hana hata plasta mwilini, anaacha fainali ya Olimpiki katikati, eti kichwa hakiko sawa. Nyinyi mnataka kuwa nani?" Watoto wakaitikia kwa pamoja: "Akhwari!" Walimu wakacheka. Watoto wangu wa sarakasi walikuwa wamejipanga pembeni wakisubiri zamu yao ya kubinuka, na ndio walioitikia kwa sauti kuliko wote.

Nijitambulishe, ili msomaji ajue nasemea wapi. Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Mtoni Mtongani. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 nilikuwa mwanasarakasi katika kikundi kimoja cha sanaa hapa jijini. Wakati ule onyesho la jioni lilikuwa na kila kitu, ngoma, vichekesho, taarabu, na katikati sarakasi ili watu wasiondoke mapema. Waliotufundisha walikuwa wamefundishwa na wale vijana ambao serikali iliwapeleka China miaka ya 1960. Nilikuwa mwepesi, kwa hiyo kwenye piramidi nilikuwa wa juu. Wa chini ni wanaume wenye mabega, wa kati ni wale wasiotetemeka miguu, na wa juu ni binti mwembamba anayesimama huko akitabasamu, halafu anateremka kwa samasoti. Siku hizi Jumamosi asubuhi nafundisha watoto wa mtaani kwetu. Tunabinuka juu ya magunia ya maranda tunayoomba kwa mafundi seremala wa Keko.

Dada anayesemwa ni Simone Biles, na lililompata nililiona kwa macho yangu kwenye simu ya mpwa wangu, nguo ya mteja ikiwa bado imebanwa kwenye cherehani. Ilikuwa tarehe 27 Julai 2021, fainali ya timu za wanawake katika Olimpiki ya Tokyo, ambayo kwa saa zetu ilianza saa nane kasorobo mchana. Biles alikuwa na miaka 24, na tangu Rio 2016 alikuwa na dhahabu 4 za Olimpiki. Alianza na meza ya kurukia. Mruko aliokuwa ameupanga unataka mtu akimbie, apige mikono juu ya meza, apae, abinuke huku akijizungusha mara mbili na nusu kabla ya kutua. Yeye alijizungusha mara moja na nusu tu. Nilimwona akitafuta ardhi kwa macho. Alitua amechuchumaa, akapiga hatua kubwa mbele ili asianguke, majaji wakampa alama 13.766, ambazo kwake yeye ni aibu. Mpwa wangu akasema, "Mbona katua tu vizuri?" Mimi mkono ulikuwa umeshafika mdomoni. Nilijua kapotea.

Wana jimnastiki wa Marekani wanaiita hali hiyo twisties. Kwenye kikundi chetu tulisema tu fulani kapotea. Nitajaribu kueleza kwa asiyewahi kubinuka. Mtu akiwa hewani anajizungusha, macho hayamsaidii sana, maana kila kitu kinapita mbio: taa, watu, sakafu, taa tena. Kinachomwambia yuko wapi ni mwili wenyewe, kwa mazoezi ya miaka. Mwili unahesabu bila wewe kuhesabu. Siku mwili ukiacha kuhesabu, unakuwa juu huko hujui kichwa kiko chini au juu, wala umebakiza nini kabla ya kugonga. Si woga. Mwoga anajua ardhi iko wapi, na ndiyo anayoiogopa. Aliyepotea hajui. Na haiji kwa kuitwa wala haiondoki kwa kukemewa. Inaweza kukaa siku, inaweza kukaa miezi.

Hapo ndipo mfano wa mgeni rasmi unapovunjika. Barabarani ukiumia unapunguza mwendo. Mzee Akhwari alitembea, akakimbia kidogo, akatembea tena, na kila hatua ardhi ilikuwa chini yake ikimsubiri. Angetaka kukaa pembeni angekaa. Alikuwa mwanamume wa miaka 30, na uamuzi ulikuwa wake. Hewani hakuna kutembea. Ukishaacha ardhi una kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo huwezi kusimama ufikirie, huwezi kuomba maji, huwezi kurudi ulikotoka. Utatua kwa miguu au utatua kwa shingo.

Wanaodhani natia chumvi, nawakumbusha Elena Mukhina. Vijana hawamjui, na hata watu wa michezo wengi hawamtaji, labda kwa sababu habari yake haina medali mwishoni. Alikuwa Mrusi wa enzi ya Muungano wa Kisovieti, na mwaka 1978 huko Strasbourg alikuwa bingwa wa dunia wa jimnastiki wa jumla, yaani kwa vifaa vyote vikijumlishwa, akiwamo Nadia Comaneci, nyota wa Romania, kati ya aliowashinda. Mwaka uliofuata alivunjika mguu. Olimpiki ya Moscow ilikuwa inakaribia, nchi mwenyeji ilitaka bingwa wake, na akarudishwa mazoezini kabla mguu haujapona sawasawa. Katika zoezi lake la sakafuni waliingiza mbinuko wa hatari uliotoka kwa wanaume, ambao mtu anabinuka na kujizungusha kisha anatua kwa kujiviringisha mbele badala ya kutua kwa miguu, kwa hiyo kosa la nafasi ndogo tu linaikuta shingo. Mguu usio na nguvu hauwezi kukurusha juu vya kutosha. Julai 1980, mazoezini Minsk, zimebaki kama wiki mbili Olimpiki ianze, Mukhina hakuruka juu vya kutosha, akatua kwa kidevu. Shingo ikavunjika. Alikuwa na miaka 20. Hakutembea tena, na aliishi hivyo miaka 26 hadi alipofariki Desemba 2006. Mbinuko ule baadaye ulipigwa marufuku.

Kwa hiyo nikimwona binti anasema "leo siruki", nawaza yule ambaye hakupata nafasi ya kusema hivyo akasikilizwa.

Kuna na Kerri Strug, mwana jimnastiki wa Marekani, ambaye yeye dunia inampenda. Olimpiki ya Atlanta 1996, ana miaka 18, anaruka mara ya kwanza, kano za kifundo cha mguu zinaumia. Anaambiwa anahitajika aruke tena. Anaruka, anatua, anainua mguu mmoja, anaanguka kwa magoti. Marekani inapata dhahabu ya timu, kocha anambeba mikononi, picha inazunguka dunia. Hesabu zilipokamilika ikaonekana Marekani ingeshinda hata bila alama za mruko ule wa pili. Ukweli ni kwamba wakati ule hawakuwa na uhakika huo. Lakini aliyelipa ni yeye: fainali za mtu mmoja mmoja alizokuwa amefuzu hakucheza, na baada ya hapo hakushiriki tena Olimpiki. Sijui kama wale waliolia kwa furaha siku ile walimuuliza mwaka uliofuata mguu unaendeleaje.

Wangu nauliza mwenyewe kila siku, maana nao unatakiwa ukanyage cherehani. Usiku mmoja, ukumbi umejaa, niliteremka kutoka juu ya piramidi mguu ukakunjika kwa ndani. Nyuma ya pazia nikafungwa bandeji, nikapakwa dawa ya kuchua, nikaambiwa watu wamelipa kiingilio na bado kuna pete ya moto. Nikapita kwenye moto. Watu walisimama kunishangilia, nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Nilifanya hivyo usiku ule, na nikafanya wiki iliyofuata, mpaka mguu ukakataa wenyewe. Leo nikishona sare za shule Desemba na Januari, kazi ikiwa nyingi, inabidi nikanyage kwa mguu wa kulia peke yake. Jirani yangu ananiambia ninunue cherehani ya umeme. Umeme wenyewe wa Mtongani tunaujua.

Nirudi Tokyo, kwa sababu kuna uongo mwingine unaorudiwa, kwamba Biles aliwakimbia wenzake. Katika fainali ya timu kila nchi inaweka watu watatu kwa kila kifaa, na alama za wote watatu zinahesabiwa. Hakuna alama mbaya ya kutupa. Angeendelea na akapotea tena kwenye vyuma, zile fito mbili za kuning'inia, au kwenye boriti, angeanguka yeye na timu ingeanguka naye. Akawaachia Jordan Chiles na Sunisa Lee nafasi zake. Hakwenda hotelini kulala; alivaa suti yake ya mazoezi akabaki pale pale ukumbini akiwashangilia. Walipata fedha nyuma ya Warusi, na siku mbili baadaye Lee akachukua dhahabu ya jumla.

Na Biles mwenyewe? Alitafuta ukumbi wa Chuo Kikuu cha Juntendo, mbali na kamera, akajaribu na kuangukia mgongo kwenye magodoro laini. Katikati ya mashindano hayo hayo akapata habari za msiba wa shangazi yake. Tarehe 3 Agosti akarudi kwenye boriti. Boriti ni ubao wa upana wa sentimita 10, juu ya ardhi mita 1 na sentimita 25. Angalieni alivyoteremka: alibinuka mara mbili bila kujizungusha hata mara moja. Alikuwa amepoteza kujizungusha, kubinuka alikuwa nako, basi akaondoa kile alichopoteza akatumia kilichobaki. Akapata shaba. Kwangu mimi mtu wa sarakasi, shaba ile ina akili nyingi kuliko dhahabu zake kadhaa, ingawa najua hapa naweza kubishiwa.

Sasa hilo la kichwa. Huku kwetu mtu akisema goti linauma, anapewa kiti. Akisema kichwa hakiko sawa, anaambiwa apelekwe Mirembe, na watu wanacheka. Tumeifanya hospitali ya watu kuwa tusi. Biles alikuwa na mzigo ambao ungemlaza mtu yeyote. Mwaka 2018 alisema hadharani kwamba yeye ni mmoja wa mabinti walionajisiwa na Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Mahakamani huko Michigan, mwaka huo huo, zaidi ya wanawake na wasichana 150 walitoa maelezo yao. Daktari huyo alikuwa anaaminiwa na kila mtu. Alikuwa ndiye "anayewatibu". Kambi ya mazoezi ya taifa ilikuwa porini Texas, na wazazi walikuwa hawaruhusiwi kukaa na watoto wao. Septemba 2021, wiki chache tu baada ya Tokyo, Biles alikaa mbele ya maseneta akasema hamlaumu Nassar peke yake, analaumu pia mfumo mzima uliomwachia. Mnadhani mtu anabeba hayo kisha anaambiwa aruke, abinuke, atabasamu, na mwili usisahau kuhesabu?

Ndiyo maana kwenye mazoezi yangu kuna sheria moja ambayo sibishani na mtu juu yake: anayechua mtoto anachua mbele ya watu, na mzazi yeyote akitaka kukaa kwenye benchi tangu mwanzo hadi mwisho anakaa. Wapo wanaume wawili watatu waliokuja kujitolea "kusaidia viungo vya mabinti" wakasikia sheria hiyo, hawakurudi.

Sasa nieleze kilichonisukuma nishike kalamu. Jumamosi iliyofuata baada ya siku ile ya michezo, binti mmoja wa darasa la tano, mwepesi kama nilivyokuwa mimi, alikuja amevaa shati la mikono mirefu. Joto la Dar es Salaam, mikono mirefu! Akawa anasimama kwa mikono kama kawaida, lakini akitua anauma meno. Nikamkunja shati. Kifundo cha mkono alikuwa amekifunga kwa kipande cha kanga, kimevimba upande wa dole gumba. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Mwalimu, mimi Akhwari."

Tulimpeleka hospitali mimi na mama yake. Daktari alitueleza kwamba mtoto wa umri ule miisho ya mifupa yake bado haijawa migumu. Ni gegedu, ndiyo inayokua. Anayesimama kwa mikono anaweka uzito wa mwili wote pale, tena na tena. Ukipuuza maumivu, sehemu hiyo inaumia na mfupa unaweza kuacha kukua sawasawa, mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake. Ukipumzisha mapema, kwa kawaida inapona. Sasa hivi binti huyo anakuja Jumamosi anafanya miguu na tumbo tu, mikono marufuku, na ananuna kweli kweli.

Najua kuna msomaji atasema: basi fundi, ukiwapa watoto ruhusa hiyo kila mmoja atasingizia kichwa. Mwenye wasiwasi huo hajafundisha watoto. Mvivu namjua kabla hajafungua mdomo. Anaumwa wakati wa kupasha mwili moto, anapona andazi na juisi ya ukwaju vikifika. Hatari haiko kwake. Hatari iko kwa yule hodari asiyesema, anayefunga kanga ndani ya shati. Hotuba kama ile inampata yeye, mvivu haimgusi hata kidogo.

Na suala la chakula nalo linahusika, ingawa wanaume mtaniwia radhi. Mimi wa juu nilikuwa naambiwa siku ya onyesho nisile ugali, ninywe chai. Wenzangu wa chini wanakula nyama, mimi nasikia harufu. Mwanzoni nilijiona mjanja. Halafu siku zangu za mwezi zikakatika, na hakuna aliyenieleza kwamba msichana asiyekula vya kutosha mifupa yake inadhoofika na inapata nyufa kirahisi. Marekani walimpoteza Christy Henrich mwaka 1994, ana miaka 22, mwana jimnastiki wa timu ya taifa, aliyekonda kwa kujinyima chakula mpaka viungo vya ndani vikashindwa. Kwa hiyo kwenye piramidi yangu wa juu anakula kwanza. Akiwa mzito, tutatafuta wa chini wenye nguvu zaidi.

Wapo waliorudi, na hao nao watoto wasimuliwe. Biles alikaa nje ya mashindano kama miaka miwili. Akarudi 2023, Antwerp akawa bingwa wa dunia wa jumla kwa mara ya sita. Paris 2024, ana miaka 27, alichukua dhahabu tatu na fedha moja, na akawa bingwa wa jumla wa Olimpiki mwenye umri mkubwa kuliko wote tangu 1952. Asubuhi ya fainali ya timu, alisema mwenyewe, alianza siku kwa kuzungumza na mtaalamu wake wa saikolojia. Hakuna aliyecheka. Pembeni yake alikuwepo Rebeca Andrade wa Brazili, binti wa mfanyakazi wa ndani, aliyepasuliwa goti lile lile mara tatu kwa kano iliyokatika, na aliyeshinda dhahabu ya sakafuni mbele ya Biles mwenyewe. Na alikuwepo wa kwetu Waafrika: Kaylia Nemour wa Algeria, miaka 17, aliyefanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili miaka michache kabla, akapata alama 15.700 kwenye vyuma, dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa Mwafrika yeyote. Siku ile nililia nikachoma kidole kwa sindano. (Na kama mnataka mzee mwenzangu, Oksana Chusovitina wa Uzbekistani aliruka Tokyo akiwa na miaka 46, Olimpiki yake ya nane. Mguu wangu ungekuwa mzima, ningemfuata.)

Hata Mzee Akhwari mwenyewe hadithi yake haikuishia kwenye bandeji, ila wasimulizi wetu huwa wanaikatia hapo. Miaka miwili baada ya Mexico alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh akashika nafasi ya tano. Yule mchechemeaji alikuwa mkimbiaji wa daraja la dunia. Tumewafundisha watoto kupenda jeraha lake kuliko mbio zake.

Ninachoomba si kikubwa. Vikundi vya sarakasi hapa mjini ni vingi, na watoto wetu wanaitwa kwenye harusi, kwenye sherehe za kitaifa na kwenye hoteli za ufukweni, wengine wakiwa na miaka saba au minane. Kwenye jimnastiki ya Olimpiki binti haruhusiwi mpaka atimize miaka 16 ndani ya mwaka huo. Kwetu kwenye pete ya moto hakuna anayeuliza umri. Ningependa Baraza la Michezo la Taifa na wale wa sanaa wakae na sisi walimu wa mitaani tukubaliane machache: umri wa kupita kwenye moto na kupanda juu ya piramidi, mtoto akisema haruki asirushwe, na awepo mtu mzima wa kuzungumza naye ambaye siye anayelipwa onyesho likiendelea. Vijana wawili wa hapa hapa Dar es Salaam wanaojiita Ramadhani Brothers wameshinda shindano kubwa la vipaji Marekani mwaka 2024 kwa kubebana kichwa kwa kichwa. Watoto wamewaona, na kila ninapopita naona wanajaribu kwenye lami.

Na yule mheshimiwa, kama anasoma gazeti hili, sisi hatumkatai. Siku ile aliwapa watoto wangu kombe zuri, tumeliweka juu ya kabati la vitambaa. Mwaka huu akitaka kutoa tena, naomba atupe magodoro matatu ya sponji yenye ngozi ya plastiki. Maranda ya Keko tunayapata bure, lakini masika yakinyesha magunia yanalowa, yanagandamana, na binti akitua ni sawa na kutua sakafuni.

Mwanasarakasi wa zamani,
Mtoni Mtongani, Temeke,
Dar es Salaam